Likishindikana, Nani Atalala Njaa?

Wageni wanaofika kwetu Bugeshi, wilayani Rubavu, Rwanda, huulizia kwanza ule ukuta wa mawe meusi unaopita chini ya volkano ya Karisimbi, kati ya mashamba yetu ya viazi na msitu. Huku ni sisi na watoto wetu, kule ni nyati, kima wa dhahabu na gorila. Wengi hudhani mpaka huo umekuwepo tangu enzi za mababu. Haukuwepo. Hadi mwaka 1969 msitu ulishuka chini zaidi. Mwaka huo karibu hekta 10,000 za hifadhi ya volkano ziliondolewa, miti ikaangushwa, na mahali pake pakapandwa ua la pareto.

Waliotoa wazo hilo hawakuwa wajinga. Walikuwa wataalamu wenye shahada zao, fedha zilitoka Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, na serikali ya wakati ule ikaridhia. Kwenye karatasi hesabu ilipendeza. Pareto ina sumu inayoua wadudu bila kumdhuru sana binadamu, viwanda vya Ulaya na Marekani viliitaka, na Rwanda ilikuwa ikitegemea kahawa kupita kiasi. Kila familia iliyoletwa kwenye ardhi hiyo mpya ilipewa hekta 2, kwa sharti kwamba sehemu ya shamba iwe pareto.

Mimi ni mkulima wa viazi, na niliolewa katika ukoo uliokula na kulala na pareto, kwa hiyo naijua kazi yake. Ua huchumwa kwa mkono, moja moja, na baada ya wiki mbili tatu unarudi mstari uleule kwa sababu mengine yamechanua. Likichelewa kuchumwa linapoteza nguvu. Likilowa baada ya kuchumwa linaoza, na kwetu mvua haibishi hodi. Kilo nne au tano za maua mabichi zikikauka unabaki na kilo moja. Unaipeleka kwa mnunuzi ambaye ni huyohuyo mmoja, kwa bei ambayo ni hiyohiyo moja, na siku asipokuja kununua, hakuna mtoto anayekula pareto.

Mwaka 1973, Uingereza, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, mwanasayansi Michael Elliott na wenzake walitoa permethrin, dawa ya kiwandani inayofanya kazi ya pareto bila kuhitaji shamba wala jua. Soko la ua letu likaanza kuyumba. Wakati huo kwetu msitu ulikuwa umeshakwenda, familia zilishahamia, na sharti lilikuwa palepale. Marehemu baba mkwe alikuwa akitusimulia jinsi walivyopenyeza viazi katikati ya mistari ya pareto na kuomba Mungu mkaguzi apitie upande wa barabara tu. Mtu mzima, mwenye watoto, anaficha kiazi katika shamba lake mwenyewe kama mwizi.

Sisemi pareto ni zao baya. Bado inalimwa katika wilaya hizi za volkano, kiwanda kiko Musanze, na jirani anayeipanda kwa hiari yake baada ya kupiga hesabu zake namheshimu. Upumbavu ulikuwa katika kupanga maisha ya maelfu ya watu juu ya ua moja na mnunuzi mmoja, huku wapangaji wakiwa na mishahara ambayo ingeingia mwisho wa mwezi, pareto iuzwe isiuzwe.

Ndiyo maana nikisikia wazo jipya siku hizi, liwe la serikali, la tajiri au la jirani yangu, nauliza swali moja kabla ya mengine yote: likishindikana, nani atalala njaa? Akiwa ni yule yule anayelipendekeza, namsikiliza hata kama linaonekana la ajabu. Akiwa ni mtu mwingine ambaye hata hakuitwa kwenye mkutano, naanza kuogopa. Waswahili walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Afrika Mashariki imeshalipia mawazo ya namna hii mara nyingi, na kubwa kuliko yote pengine ni karanga za Kongwa. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu Tanganyika, wakazunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa wakitazama ardhi kutoka angani, kisha wakapendekeza zaidi ya ekari milioni 3 za karanga ili kuondoa upungufu wa mafuta ya kula uliokuwa Uingereza baada ya vita. Matrekta chakavu ya jeshi yaliletwa. Hata vifaru vilibadilishwa kuwa matrekta. Ardhi ya Kongwa ilipokauka iligeuka ngumu kama saruji, ikala majembe ya chuma, na mvua ikafanya kile ambacho mvua ya Ugogo hufanya. Mgogo yeyote aliyekuwa akichunga ng'ombe pale angewaambia habari za ukame wake bure, tena akiwakaribisha maziwa. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko mbegu zilizonunuliwa. Waziri wa chakula wa Uingereza, John Strachey, hakukosa chakula cha jioni hata siku moja kwa sababu hiyo.

Turudi kwetu, maana huku kuna upande wa pili wa hadithi. Mwaka 1979, miaka kumi baada ya pareto, lilikuja pendekezo la kukata tena sehemu kubwa ya msitu uliobaki, safari hii kwa ajili ya kufuga ng'ombe. Gorila walikuwa wachache mno: sensa ya 1981 ilihesabu 254 tu katika milima yote ya Virunga, Kongo, Uganda na Rwanda pamoja. Vijana wawili wa Kimarekani waliokuwa wakifanya utafiti hapa, Amy Vedder na mumewe Bill Weber, wakaleta wazo lililochekesha watu: tuwazoeshe gorila wachache kuona binadamu, kisha watu kutoka mbali walipe ili waje kuwaangalia. Nani angesafiri kutoka Chicago kuja kutazama mnyama akila majani?

Wazo hilo la kuchekesha ndilo lililosimama. Leo mgeni analipa dola 1,500 kwa saa moja na gorila. Sensa iliyotangazwa 2018 ilikuta 604 katika Virunga. Tangu 2005 watoto wao wanapewa majina katika sherehe ya Kwita Izina inayoonyeshwa duniani kote, na siku hizi asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa vijiji vinavyoizunguka, kwa shule, matangi ya maji na zahanati. Ninavyoelewa mimi, lilisimama kwa sababu hawa wawili waliishi hapa. Vedder alikaa msituni akihesabu gorila wanakula nini, na Weber alipita kwa wakulima akiwauliza wanautakia nini msitu huu. Walijua kwamba mkulima wa hapa anataka maji na ardhi, na kwamba msitu ndio unaotunza maji yetu, kwa kuwa katika udongo huu wa volkano mvua hunyesha ikazama na hatuna mto wa kuteka. Ng'ombe wangeleta faida ya miaka michache, halafu tungebaki na kiu.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba wazo la kipumbavu linatambulika kwa sura yake. Angalia watu wa Goma, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya mpaka wetu. Volkano ya Nyiragongo ililipuka 1977, ikalipuka 2002 na kufunika sehemu ya mji, ikalipuka tena usiku wa 22 Mei 2021, na sisi huku Rubavu tukatetemeshwa siku nyingi hadi nyumba zikapasuka. Kila mara watu walirudi kujenga juu ya mawe yaleyale, wakayachonga yakawa kuta za nyumba. Nimesikia wageni wakiwaita wapumbavu. Mama anayejenga pale anajua hatari kuliko mgeni huyo. Amepima volkano upande mmoja na soko, shule na ndugu zake upande wa pili, na akikosea ni yeye atakayekimbia na godoro kichwani. Hiyo ni hesabu ya mtu mzima. Anastahili onyo la mapema na barabara ya kukimbilia, wala hastahili kuchekwa.

Upumbavu ninaoulalamikia ni ule wa mtu kucheza na mfuko wa mwenzake. Biashara ya viazi imenifundisha mengi hapo. Kulikuwa na wakati tuliamriwa kwamba viazi vyote vipite kwenye kituo kimoja cha makusanyo, kwa bei iliyotangazwa na ofisi. Nia ilikuwa njema, nakiri hilo kwa moyo wote: walitaka kutuokoa na madalali wanaonunua gunia la lumbesa, lile lililojazwa hadi likaota kichwa na kushonwa kwa kamba, kwa bei ya gunia la kawaida. Lakini waliopanga hawakuwahi kuchimba kiazi. Kiazi cha aina ya Kinigi ukikisugua kwa kidole gumba ganda likatoka, hakijakomaa. Kikikomaa una siku zako chache: ukikiacha ardhini mvua ikizidi kinaoza, ukikichimba na kukianika juani kinageuka kijani na hakuna mpishi wa chipsi atakayekigusa. Tulichimba siku tuliyopangiwa, tukapanga magunia kituoni, lori halikuja. Tukafunika kwa majani ya mikaratusi. Usiku wa pili mvua. Lori lilipofika, bei ilikuwa ileile iliyobandikwa ukutani, ila nusu ya viazi ilikataliwa. Dalali aliyekuwa akisubiri nyuma ya kituo alichukua vilivyobaki kwa bei aliyojipangia mwenyewe, na mwanamke niliyekuwa naye alikubali kwa sababu mtoto alitakiwa kurudi shule Jumatatu.

Aliyetoa amri alipata mshahara wake mwezi ule. Hakuna aliyemtuma kuja kuhesabu viazi vilivyooza.

Na tusiwasingizie wakubwa peke yao. Vijijini kwetu siku hizi mawazo yanaingia kwa simu. Mtu anaongezwa kwenye kundi, anaambiwa atoe faranga kidogo, alete watu wengine, na baada ya wiki kadhaa atavuna mara nyingi zaidi. Wanaita baraka, wanaita zawadi, wanaita akiba. Tanzania walishayapitia haya na DECI, ambapo watu waliambiwa wapande mbegu za fedha na kuvuna, hadi mwaka 2009 viongozi wake wakapelekwa mahakamani. Kinshasa, Bindo Promotion iliporomoka mwaka 1991 ikaondoka na akiba za maelfu ya watu. Hakuna fedha iliyozaliwa katika michezo hii. Ya wa mwisho ilipelekwa kwa wa kwanza, na wa mwisho ni mama yangu na mama yako, kwa kuwa habari huwafikia baada ya wote.

Nimemwona jirani akiuza mbegu za viazi, zile alizozitenga kwa msimu ujao, zimeshachipua vizuri kwenye trei gizani, ili apate fedha ya kujiunga. Nilimsihi. Aliniambia mtu aliyemwalika ni wa kanisani kwake. Hapo ndipo hasira yangu ilipo: michezo hii haiji na sura ya mwizi, inakuja na sura ya ndugu. Mkulima anayeuza mbegu yake amekula mwaka ujao. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambavyo tunakutana uso kwa uso kila wiki, tunahesabu faranga mbele ya wote na kufunga sanduku kwa funguo zilizo kwa watu tofauti, vina faida ndogo inayochosha. Ila likitokea tatizo, mtunza hazina yuko mlango wa tatu, na yeye pia fedha yake imo ndani.

Sasa niseme la mpaka, maana bila mpaka hakuna Bugeshi. Kutoka hapa unavuka Kabuhanga unaingia Kibumba, Kongo. Mstari huo ulikubaliwa Brussels mwaka 1910 na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, wakitumia vilele vya volkano kama alama, Karisimbi ikiwamo. Mwami Musinga, mfalme wetu wa wakati huo, hakuwa mezani. Mstari upo na nchi zetu zimeukubali, sitaki kuufuta. Ninachopinga ni wazo ambalo kila kizazi cha viongozi katika ukanda huu hulitoa upya kana kwamba wao ndio waliolivumbua: tukigombana, tufunge mpaka, jirani ataumia.

Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukakaa hivyo hadi 1983. Sisi na Uganda, Gatuna ilifungwa Februari 2019, ikafunguliwa mwisho wa Januari 2022. Burundi ilifunga wake nasi Januari 2024. Oktoba 2017 kule Namanga, Tanzania ilichoma moto vifaranga 6,400 waliotoka Kenya, wakiwa hai. Nitajieni mkubwa mmoja aliyekosa kitu nyumbani kwake kwa sababu ya maamuzi haya. Aliyekosa ni mama mwenye beseni, kijana wa baiskeli, na wale wagonjwa waliokuwa na daktari wao ng'ambo.

Watasema kuna sababu za kufunga, na ni kweli zipo. Lakini tazameni Ebola. Kuanzia Agosti 2018 ugonjwa ulikuwa Kivu Kaskazini, na Julai 2019 ukafika Goma penyewe, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mji wetu wa Gisenyi. Mpaka mdogo wa Gisenyi, Petite Barrière, wakati huo ulikuwa ukipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Tarehe 1 Agosti 2019 mpaka ulifungwa kwa saa chache, ukafunguliwa siku hiyohiyo. Badala ya kufuli tuliwekewa mabomba ya maji, sabuni na vipimajoto. Tulinawa mikono kwenda, tukanawa kurudi, tukapanga foleni ndefu na kulalamika, tukapita. Mlipuko ule ulikwisha Juni 2020 bila Rwanda kupata mgonjwa hata mmoja. Mpaka ungefungwa kwa mwaka mzima, watu wangepita porini usiku, ambako hakuna sabuni wala muuguzi. Aliyebuni utaratibu ule alijua kwamba mtu mwenye njaa atavuka tu, kwa hiyo akamwekea njia salama ya kuvukia. Hilo ndilo wazo la serikali ninalolipigia makofi.

Miaka iliyofuata imekuwa migumu. Corona ilifunga kila kitu Machi 2020. Januari 2025 vita vilipoingia Goma, makombora yaliangukia hata Rubavu na watu wakafa. Wachuuzi waliozoea kuvuka asubuhi na viazi na kurudi jioni na unga wamekula mitaji yao. Lakini njia ya kuvuka ilishawahi kurahisishwa: mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, makao yakawekwa Gisenyi hapa hapa, na kati ya yote iliyoyafanya, kitu ambacho mchuuzi anakikumbuka ni kibali chake chepesi cha kuvukia. Karatasi ndogo. Imelisha watu wengi kuliko mikutano yote niliyowahi kuisikia redioni.

Sasa kuna mpango wa kuipanua tena hifadhi ya volkano, na familia za upande wa Musanze zimeshaanza kuhamishwa katika ardhi ambayo kwa sehemu ndiyo ileile iliyokatwa kwa ajili ya pareto. Sipingi. Gorila wameongezeka, msitu ni wao pia, na maji ni yetu sote. Lakini wajukuu wa watu walioletwa hapa kwa amri hawapaswi kuondolewa kwa amri. Ninyi mnaochora ramani, njooni huku msimu wa kuvuna, wakati mashamba yana watu. Msikutane na viongozi wa vijiji peke yao. Kaeni na akina mama kwenye mizani, waulizeni kila gunia linalipa nini nyumbani, shule ni faranga ngapi, bima ni ngapi, na katika nyumba mpya mtakayowajengea viazi vitapandwa wapi. Andikeni majibu. Kisha, kabla ya kusaini, andikeni pembeni ya kila ukurasa jina la ofisa atakayelipa fidia kutoka fungu la ofisi yake mpango ukishindikana, na muubandike ukurasa huo kwenye ofisi ya kata ambako sisi sote tunaweza kuusoma.